Noti Kwenye Filimbi ya Mzee Fintan

Jamani, mimi nina nyumba ya vyumba vinne hapa Muheza, ina vigae mpaka barazani, nina stashahada ya umeme niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, na nilikaa Johannesburg miaka mingi nikarudi na akiba yangu, sikurudishwa kwa mchango wa mtu. Kwa hiyo mkimaliza kusoma haya naomba mkumbuke kwamba aliyeyafanya ni huyo huyo mwenye vigae, maana aibu niliyoipata Jumapili moja ya mwaka 2017, katika ukumbi wa kanisa mbele ya wazee wa Kiairishi waliokaa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani, hata leo ikinijia nikiwa naoga nasimamisha maji kwanza, naguna, ndipo naendelea.

Niwaeleze kwanza nilikuwa nani kule. Nilikuwa fundi wa mageti ya umeme, fundi hasa, si wa kubahatisha, na Johannesburg ni mji ambao mtu akiwa na nyumba lazima awe na ukuta, akiwa na ukuta lazima awe na geti, na geti likigoma kufunguka mwenyewe anabaki nje na mifuko yake ya mboga akipiga simu, na simu hiyo mara nyingi ilikuwa inaita mfukoni mwangu. Nilipanga chumba Troyeville, juu ya duka la Papa Jérôme, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye alikuwa anashona suti upande mmoja na mkewe Mama Béa anasuka nywele upande wa pili, katikati pazia tu. Hao ndio walionipa jina la Diploma. Wao walidhani wananitania, mimi nililipokea kama cheo.

Sasa, mtaa wa jirani, Bezuidenhout Valley, alikuwa anaishi Mzee Fintan, Mwairishi aliyefika Afrika Kusini akiwa kijana na kufiwa na mkewe, Bi Maura, mwaka mmoja kabla ya kisa hiki. Siku ya kwanza naitwa kwake geti lilikuwa limekwama nusu, paka anapita mtu hapiti, nikapiga magoti nafungua mota, nikasikia muziki unatoka dirishani, mwembamba, wa haraka, unaruka ruka kama mtoto anayeshuka ngazi, nikadhani ni redio. Kumbe ni Mzee mwenyewe, kakaa jikoni na kifilimbi cha bati cha urefu wa rula, matundu sita, mdomo wa plastiki wa buluu, na rangi imebanduka pale vidole vyake vilipokaa miaka yote.

Nikamwambia (kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa safi), “Mzee, kitu kidogo hivyo kinatoa sauti yote hiyo?”

Akacheka. “Hosea, huu ndio mlango wa muziki wetu. Mtoto wa Ayalandi anapewa hii kabla hajaweza kushika fidla, na haizidi bei ya chakula cha mchana. Wengi wanaanza nayo wanahamia kwenye vyombo vya maana. Mimi nikaingia mlangoni nikabaki hapo hapo.”

Geti likapona, mimi nikaendelea kwenda. Nilikuwa napita Jumamosi, nikisema nakuja kukagua mota (mota ilikuwa nzima kabisa, niliifunga mimi), ananipikia chai nzito ya maziwa, ananifundisha kwa filimbi yake ya akiba. Akanieleza muziki wa Kikelti, yaani wa Ayalandi na Uskoti na jamaa zao, jinsi watu wanavyokaa duara, mwenye fidla, mwenye kodiani, mwenye ngoma bapa kama dufu letu ila inapigwa kwa kijiti, na filimbi za bati, wote wanapiga wimbo ule ule kwa pamoja, hakuna karatasi, wimbo unazungushwa mara kadhaa halafu mmoja anainua nyusi na wote wanaingia wimbo mwingine bila neno. Akanionya kwamba filimbi hii haijui kunong'ona. Ukipuliza kidogo inatoa sauti ya chini, ukipuliza kwa nguvu inaruka juu, na huko juu hata majirani wanaisikia, kwa hiyo anayekosea na filimbi anakosea mbele ya watu wote.

Baada ya miezi miwili nilikuwa na nyimbo mbili kamili. Nazisema mbili kwa unyenyekevu, maana nusu ya tatu pia nilikuwa nayo.

Lakini kulikuwa na wimbo mmoja ambao hakunifundisha. Huo ulikuwa wa polepole, wa kuomboleza, aliokuwa akiupenda Bi Maura. Nyimbo za aina hiyo, alisema, hazipigwi na duara. Anapiga mtu mmoja, wengine wanakaa. Tangu mazishi alikuwa amejaribu kuupiga mara mbili mbele ya wenzake ukumbini na mara zote mbili alifika pale unapopanda juu, akakatika, akaweka filimbi chini na watu wakaangalia viatu vyao. Na vidole vyake vilikuwa vinaanza kuvimba kwenye viungo, daktari alishamwambia visingekaa sawa tena, vingezidi kukakamaa.

“Jumapili tunamkumbuka Maura,” akaniambia. “Safari hii nataka nifike mwisho, Hosea. Baada ya hapo vidole vifanye vitakavyo. Wewe njoo ukae mahali nitakapokuona. Basi.”

Mliona neno alilosema? Ukae. Hakusema njoo upige, wala njoo na watu. Laiti ningekwenda nikakaa, leo ningekuwa naandika habari za vigae tu.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kabisa. Nilisema, mtu wa hadhi yangu hawezi kwenda mikono mitupu, nitanunua filimbi yangu mwenyewe niitie mfukoni, wakinikaribisha nipige, wasiponikaribisha, si iko mfukoni tu? Ijumaa nikawa Marshalltown kufunga kengele za wezi kwenye ofisi moja, nje kwenye lami kuna mama anauza chaja, mikanda, miwani na filimbi za bati. Mzee alikuwa ameniambia siku moja, ukinunua yako nunua yenye urefu kama hii. Mama yule alikuwa nazo za urefu ule, nyembamba, za kitoto. Pembeni akawa na moja kubwa, ndefu, nene, inang'aa kama bomba la hoteli.

“Hiyo, baba,” akaniambia, “ndiyo ya wazee wa muziki wa kwela. Zamani hapa Joburg vijana walisimama kwenye kona na filimbi kama hii, mtaa mzima unacheza. Hiyo ya mtu mzima. Hizi ndogo za watoto.”

Basi nyie mnanijua. Mtoto na mtu mzima, unadhani ningechagua ipi? Nikajaribu mle ndani ya bakki (ndivyo wanavyoita pikapu kule), vidole vikakaa, nyimbo zangu mbili zikatoka vizuri, nzito kidogo, za kiume. Ukipiga peke yako hujui kitu. Filimbi kubwa na ndogo vidole ni vile vile ila sauti zimeanzia mahali tofauti, na hilo hulijui mpaka ukae karibu na mwingine.

Jioni nikapita dukani kwa Papa Jérôme, nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba Jumapili nina shughuli na bendi ya Waairishi.

Papa Jérôme akaacha kushona. “Diploma. Bendi? Utapiga nini, geti?”

“Filimbi.”

Pazia likafunguka, Mama Béa akatokeza kichwa, na nyuma yake mteja mwenye nywele zilizosukwa nusu. “Diploma anapiga filimbi mbele ya bazungu? Na hakuna mutu wa kwenu atakuwa pale? Hapana. Nani atakutunza?”

“Hata mimi nilikuwa najiuliza,” nikasema. (Sikuwa najiuliza.)

“Tutaenda,” akasema Papa Jérôme. “Na hauwezi kwenda na ile ovaroli. Bairishi banapenda rangi gani?”

“Kijani,” nikasema, maana niliwahi kuona kalenda jikoni kwa Mzee.

Usiku ule na kesho yake yote Papa Jérôme akanishonea suti ya vipande vitatu, kijani, kijani kweli kweli, na vifungo vya dhahabu, nikaivaa Jumapili mchana nikajitazama kwenye kioo cha saluni nikaona ninapendeza. Mama Béa alikuwa na kitenge kipya na pochi iliyojaa noti ndogo ndogo alizochenji makusudi. Mchuuzi wa kwenye roboti, jamaa anayeuza vitambaa vya kufutia magari pale kwenye taa za barabarani, aliponiona nimesimamisha bakki akasema, “Eish, bra, leo wewe ni petroli stesheni?” Nikamwambia sharp, sharp, yaani poa, nikafunga dirisha.

Tukaingia ukumbini. Nataka mnisikilize vizuri hapa. Walikuwa watu kama ishirini, wazee wengi, wamevaa sweta. Sweta za kawaida, na jinzi, mmoja ana kandambili na soksi. Kuna chai, kuna keki ya zabibu, picha ya Bi Maura iko juu ya meza na ua moja. Katikati kuna duara la viti, wanapiga. Na mimi mlangoni, kijani, vifungo vinameremeta, kushoto Papa Jérôme na kofia yake, kulia Mama Béa anasema, “Mbona batu banakaa kimya hivi? Ni kilio?”

Mzee Fintan akaniona. Uso wake ukafunguka, akanyosha mkono kunionyesha kiti kilichokuwa ukutani, mkabala naye, mahali atakaponiona. Mimi nikaona kiti kingine, kitupu, ndani ya duara. Nikakaa hicho. Halafu nikatoa filimbi.

Bi Noreen, mama mmoja mwenye fidla aliyekuwa kama kiongozi wao, akaitazama ile filimbi, akanitazama mimi, akatabasamu kwa upole, akasema, “Karibu. Unaujua huu?” Akaanza wimbo, na kwa bahati yangu mbaya nilikuwa naujua. Ulikuwa wimbo wangu wa kwanza kabisa.

Nikapuliza.

Sijui niwaelezeje. Mmewahi kusikia kwaya inaimba vizuri halafu lori linapiga honi nje? Sasa weka lori hilo ndani ya kwaya, na dereva anajua maneno yote. Vidole vyangu vilikuwa sahihi, naapa, kila kimoja mahali pake, ila sauti ilikuwa ya nyumba nyingine kabisa. Wote wako pale, mimi niko chini yao, ninatembea sambamba nao kama mtu anayefuata treni kwa miguu. Mwenye kodiani akafumba jicho moja. Mwenye ngoma akapunguza. Nikasema moyoni, wananipisha, wamegundua uwezo, nikaongeza pumzi, na nimeshawaambia filimbi hii ikiongezewa pumzi inakwenda wapi.

Wale watu wana adabu ya ajabu. Hakuna aliyeniambia acha. Walizungusha wimbo mara moja tu badala ya mara kadhaa, wakaufunga haraka kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija. Na katika kufunga huko ndipo Mama Béa alipopiga kigelegele, kirefu, cha Bukavu, kikombe cha mtu kikalia kwenye kisahani, naye akaja anacheza, bega moja mbele, bega moja nyuma, akanibandika noti kwenye paji la uso. Jasho lilikuwa linanitoka (suti ile ilikuwa ya kitambaa kizito), noti ikanasa vizuri. Papa Jérôme akaleta ya pili. Nikakaa pale mbele ya watu wa sweta, kijani, na noti mbili kichwani, nikainamisha kichwa kwa heshima kama msanii.

“Asante,” akasema Bi Noreen. “Hiyo ilikuwa na... nguvu.”

Kisha akageuka kwa Mzee Fintan, na ukumbi ukatulia, na mimi pia nikatulia, maana nilijua sasa ni saa yenyewe. Mzee akaivuta filimbi yake mfukoni. Ile ile ya mdomo wa buluu, aliyonunuliwa na Bi Maura walipokuwa wachumba. Akaifunika kwa kiganja muda kidogo kuipasha moto, akatazama picha juu ya meza, akafumba macho.

Ndugu zangu, yule mzee alipiga. Sauti ilikuwa ndogo, halafu ikajaa, halafu ikawa inavunjika kidogo kwenye kingo kama sauti ya mtu anayejizuia, hakuna ngoma, hakuna wa kumsaidia, kile kibati cha bei ya chakula cha mchana kikawa kinazungumza peke yake habari za mtu tuliyekuwa tunamwona pichani. Mimi si mtu wa kulia. Nilijifuta macho kwa mkono wa suti.

Lakini nikaangalia watu. Wamekaa! Hakuna anayetikisika, hakuna hata anayesema “eee,” mmoja anatazama sakafu, mwingine amefumba macho kama amelala. Sasa mimi nimelelewa Tanga, kwenye mji ambao mwimbaji wa taarabu akikugusa huwezi kukalia kiti, unainuka na noti yako, unakwenda kwa madaha, unamtunza, na asipotunzwa mtu anajua ameambiwa akusanye vyombo aende kwao. Nikawatazama wale wazee, nikamtazama Mzee Fintan na macho yake yamefumbwa, nikasema, masikini, mara mbili amekatika hapa, kumbe ndiyo sababu! Hakuna anayemtia moyo! Nikamtazama Mama Béa. Mama Béa akanitazama. Alikuwa anawaza hayo hayo, na pochi ilikuwa imeshafunguliwa.

Wimbo ulikuwa unakaribia pale unapopanda. Nikainuka.

Nilikwenda vizuri, msinielewe vibaya, hatua zangu zilikuwa za Tanga kabisa, polepole, mkono wa noti juu. Nikamwona Bi Noreen ananyanyua kiganja kunizuia, nikadhani ananisalimia. Nikafika mbele ya Mzee, nikambandika noti ya randi hamsini kwenye paji la uso.

Tatizo ni kwamba mpiga muziki wa kwetu huwa ametota jasho. Mzee Fintan alikuwa mkavu kama ubao wa shule. Noti haikunasa hata kidogo. Ikateleza, ikashuka puani taratibu, ikatua juu ya filimbi, pale pale chini ya mdomo kwenye kile kidirisha sauti inapotokea, ikakiziba.

Filimbi ikalia kama panya aliyekanyagwa, ikanyamaza.

Mzee akashtuka, akafumbua macho, akakuta mbele yake ukuta wa kijani wenye vifungo vya dhahabu. Filimbi ikamponyoka. Mimi nikainama kuidaka, na Mama Béa, ambaye alikuwa anakuja nyuma yangu kwa kasi yake na kigelegele chake, akanigonga kiunoni, nikapiga hatua mbele kujizuia nisimwangukie mzee wa watu.

Krakk.

Ukumbi wote ukasikia. Nami nikasikia, kupitia soli.

Papa Jérôme akaniambia, kwa sauti ndogo ya huruma. “Diploma. Inua muguu.”

Nikainua mguu.

Ilikuwa bapa kama kijiko. Mdomo wa buluu umepasuka katikati. Nikapiga magoti pale sakafuni na suti yangu, nikaiokota, nikajaribu kuikunjua kwa vidole, nikaiona inazidi kuharibika, nikaacha. Noti moja ilikuwa bado imenasa kichwani mwangu. Kiingereza chote nilichokuwa nacho kiliondoka, nilikuwa nasema “Mzee, Mzee, Mzee” tu, na kwa mara ya kwanza tangu nihitimu chuo sikukumbuka kwamba nina stashahada.

“Hosea,” akasema Mzee Fintan. Sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniumiza. “Ulikuwa unafanya nini?”

Aliyejibu ni Mama Béa, kwa Kiingereza chake cha saluni ambacho siku ile kilikuwa bora kuliko changu. “Papa, kwetu mutu akikupiga moyoni na muziki, haukai. Unaenda pale mbele unamuonyesha. Ile pesa si ya kitu. Ni kusema, papa, umenifikia.”

“Kwa hiyo ile ilikuwa pongezi.”

“Kabisa, Papa.”

“Na kwenu mtu akipiga halafu watu wakakaa tu?”

Mama Béa akatazama wale wazee wa sweta. “Kwetu, Papa, mukikaa tu, ni kama munamwambia afunge mudomo.”

Mzee Fintan akageuka polepole, akawaangalia wenzake mmoja mmoja, Bi Noreen, mwenye kodiani, mwenye ngoma. “Miaka yote hii,” akasema. “Nyie washenzi. Miaka yote hii mlikuwa mnaniambia nifunge mdomo.”

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha Bi Noreen akacheka, akafunika uso kwa fidla, na ule ukumbi ukapasuka, na Mzee mwenyewe akacheka mpaka akashika magoti, akacheka mpaka nikaona si kicheko tena, mabega yanatikisika kwa namna nyingine, na Mama Béa akasogea akamshika mkono akatulia naye hivyo hivyo.

Mimi bado niko sakafuni, maana hakuna aliyeniambia niinuke.

Mzee akajifuta uso kwa ile noti ya hamsini (naam, kwa noti), akanyosha mkono. “Lete lile bomba lako.”

“Mzee, hapana. Hii filimbi ni mbovu. Wote mmeisikia.”

“Si mbovu. Ilikaa na watu isiolingana nao, basi. Ni filimbi ya hapa hapa Joburg, nimeisikia mitaani kabla wewe hujazaliwa. Na wimbo huu ni wa mtu mmoja, Hosea. Ikiwa peke yake haina wa kugombana naye.”

Nikampa. Akaigeuza, akaitazama urefu, akaweka vidole. Nikaona kitu ambacho hata yeye nadhani hakukitarajia. Kwenye ile ndogo vidole vyake vilivyovimba vilikuwa vinabanana kama watu kwenye benchi. Kwenye hii matundu yalikuwa yameachana kidogo, kila kidole kikapata nafasi. Akafumba macho. Nikajikokota kwa magoti mpaka kile kiti cha ukutani, kile alichonionyesha tangu mwanzo, nikakaa, nikakalia mikono yangu yote miwili.

Akaanza upya. Sauti ilikuwa ya chini, ya joto, ya mtu mzima (yule mama wa Marshalltown hakunidanganya katika hilo). Akafika pale unapopanda. Nikaona kifua kinajaa. Nikaona vidole vinasita. Nikaona Papa Jérôme amemshika Mama Béa kitenge ili asiinuke. Sauti ikapanda, ikatetemeka, ikashika, ikavuka, na upande wa pili ikashuka taratibu kama mtu anayeteremka kitandani asimwamshe mwenzake, mpaka mwisho, mpaka noti ya mwisho kabisa, akaishikilia hadi pumzi ilipokwisha.

Na wakakaa. Safari hii nami nilikaa, na nikaelewa, kwa masikio yangu na si kwa kuambiwa, kwamba kimya kile kilikuwa kimejaa watu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitoka.

Mzee akafumbua macho, akatazama picha, akatugeukia sisi watatu. “Haya,” akasema. “Sasa kwa desturi ya kwenu.”

Wa kwanza kuinuka hakuwa Mama Béa. Alikuwa Bi Noreen, na noti mkononi, anacheza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na nyuma yake mwenye kodiani, na yule wa kandambili na soksi. Paji la Mzee sasa lilikuwa na jasho, zilinasa zote. Kigelegele cha Mama Béa kilisikika mpaka barabarani, nadhani.

Filimbi yangu aliniomba abaki nayo, na ile iliyokanyagwa akanipa mimi. “Wewe fundi,” akasema, “itengeneze.” Nilijaribu. Nilipitisha nondo ndani yake, nikaigonga taratibu, nikaunga mdomo kwa gundi, na leo inatoa sauti mbili, moja mbaya. Iko sebuleni kwangu, ukutani, kando ya stashahada yangu yenye fremu, na kila mgeni akija baada ya kusifu vigae ananiuliza hiki nacho ni nini, Hosea, pampu ya baiskeli? Mimi, ambaye nyote mnajua sijawahi kukosa neno juu ya mali yangu, hapo huwa nasema ni kumbukumbu ya rafiki, nawaongezea chai.

Mzee Fintan bado ananitumia sauti kwenye simu, Jumamosi mara nyingi. Hasemi kitu, anapuliza tu, kwa ile filimbi kubwa. Mimi huwa nakaa barazani, nazima redio, nasikiliza mpaka mwisho, na mke wangu ameshazoea, hata akipita na sinia anapita kwa ncha za vidole.

Suti ya kijani niliiacha Troyeville. Papa Jérôme aliitundika dirishani kama tangazo, na nasikia ilileta wateja.

Harusi za hapa Muheza nahudhuria, taarabu naipenda vile vile, na kutunza natunza, tena kwa fujo. Lakini siku hizi namwangalia mpigaji usoni kwanza. Akiwa amefumba macho, narudisha noti yangu mfukoni, nakalia mikono, nangoja ayafumbue mwenyewe.